Mgeni wa Siku ya Tatu

Viongozi wetu wa dini, wazee wetu, mama zetu, vijana, na nyinyi watoto mliokaa mbele, ambao najua hamkuulizwa kama mnataka kuja: nawasalimu nyote. Nimeombwa nizungumzie maajabu ya teknolojia katika msimu huu wa Noeli. Mada hii ina mitego miwili. Mmoja ni kuigeuza tangazo la biashara. Wa pili ni kuigeuza maombolezo, yale ya "zamani tulikuwa na utu, sasa tuna simu." Nitajitahidi kuikwepa yote miwili. Mkiona nateleza, kohoeni.

Nianze na meseji. Tarehe 3 Desemba 1992, nchini Uingereza, mhandisi kijana wa miaka 22 aitwaye Neil Papworth alikaa mbele ya kompyuta, akaandika kwa Kiingereza salamu ya maneno mawili, ndiyo hii yetu ya Krismasi Njema, akaituma kwenye simu ya Richard Jarvis wa kampuni ya Vodafone, aliyekuwa kwenye sherehe ya wafanyakazi. Hiyo ndiyo meseji ya kwanza kupokelewa kwenye simu ya mkononi. Jarvis hakujibu, na si kwa maringo: simu aliyokuwa nayo haikuweza kuandika. Dunia ilipata njia mpya ya kusalimiana, na salamu ya kwanza kupita humo ikawa ya Noeli, wiki tatu kabla ya siku yenyewe.

Haikupita miaka mingi, watu wale wale wakaanza kulalamika kwamba meseji inachelewa kufika.

Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Ndivyo tunavyokipokea kila kipya. Siku ya kwanza tunaita majirani waje waone. Siku ya pili tunajifunza kukitumia. Siku ya tatu kinashika jembe, na kikichoka kidogo tunakigombeza. Siwalaumu wahenga, walijua walichokisema. Mgeni anayelima amekuwa mtu wa nyumbani, na kifaa kisichofanya kazi ni pambo tu la kufuta vumbi. Ninalolalamikia mimi ni kwamba tukishampa jembe, tunasahau kabisa kwamba alitoka mbali, na hatumuulizi tena habari za safari.

Na Krismasi nayo, nadhani mnaona ninakoelekea, ni mgeni aliyepewa jembe siku nyingi. Tunaituma kuuza bidhaa, kujaza mabasi, kufunga hesabu za mwaka. Kisa chenyewe tumekisikia mara nyingi hata tunajua ni mstari gani mtoto atausahau kwenye maigizo.

Wapo wanaoamini kwamba ajabu huuawa na maarifa. Wanasema ukishajua kitu kinavyofanya kazi, utamu umekwisha, kwa hiyo bora usichungulie. Mimi nasema muuaji ni mazoea, na dawa yake ni hiyo hiyo kuchungulia. Ngoja tujaribu hapa hapa.

Siku ya Krismasi unamwandikia dada yako aliye ng'ambo ya bahari: Krismasi Njema. Herufi 13 na nafasi moja katikati. Kwanza kabisa, kidole chako hakikubonyeza kitu, maana kioo cha simu hakina vitufe. Chini ya kile kioo kuna wavu wa njia za umeme, nyembamba na angavu, usioweza kuuona kwa macho. Mwili wa binadamu hupitisha umeme, kwa hiyo kidole kikikaribia kinauvuruga kidogo ule umeme uliotulia pale. Simu inapima ule uvurugikaji na kujua umegusa wapi. Ndiyo maana ukivaa glavu nene kioo kinakukatalia. Mwili wako, ngozi hii hii na chumvi yake na maji yake, ni sehemu ya mtambo, na hakuna aliyekutangazia hivyo siku uliyonunua simu.

Kila herufi inageuzwa kuwa namba, na namba kuwa mfululizo wa sifuri na moja. Kwa hesabu ya meseji ya kawaida ya simu, ambako kila herufi hupewa nafasi 7, salamu yako yote ni tarakimu 98 za namna hiyo. Halafu antena iliyofichwa ndani ya simu inatikisa elektroni, mamia ya mamilioni ya mara kwa sekunde, pengine mabilioni, na ule mtikisiko unatoka kama wimbi linalokwenda kwa kasi ya nuru. Linakwenda kwa kasi ya nuru kwa sababu ni ndugu wa nuru, wa ukoo mmoja kabisa, ila macho yetu hayakupewa uwezo wa kuliona. Kama yangeliona, hapa tulipokaa pangekuwa panawaka kuliko mti wowote wa Krismasi.

Wimbi linapenya ukuta, linafika mnarani likiwa limechoka mno, na mnara unalitambua katikati ya makelele ya simu nyingine zote za jirani. Kuanzia hapo salamu yako inakuwa nuru kwelikweli. Inaingizwa kwenye uzi wa kioo mwembamba kama unywele, na uzi huo, pamoja na wenzake, unashuka baharini ndani ya mkongo ambao kule kwenye kina kirefu si mnene kuliko mpira wa kumwagilia bustani. Wengi hudhani mazungumzo ya mabara hupitia kwenye setilaiti. Zaidi ya asilimia 95 ya data inayovuka bahari hupita huko chini, kwenye matope, gizani. Ndani ya kioo nuru hupunguza mwendo, hukimbia kama kilomita 200,000 kwa sekunde, na kila baada ya makumi ya kilomita kuna kifaa kimelazwa sakafuni mwa bahari kuiongezea nguvu. Kilomita 10,000 huzimaliza kwa sehemu ya ishirini ya sekunde. Ukipepesa jicho umeshachelewa.

Mwaka 1858 ulipolazwa mkongo wa kwanza wa simu ya maandishi kuvuka bahari ya Atlantiki, Malkia Victoria wa Uingereza alimtumia Rais Buchanan wa Marekani salamu za maneno 98. Zilichukua saa 16 kufika. Na unajua watu walifanya nini? New York walisherehekea kwa fataki nyingi hata jengo la halmashauri ya jiji likashika moto. Mkongo wenyewe ulikufa baada ya wiki chache. Sitaki mchome jengo lolote. Lakini mimi nawaonea wivu wale watu kidogo, kwa sababu walielewa kilichokuwa kimetokea.

Sasa turudi ndani ya simu, maana kuna jambo moja la Desemba ambalo linanigusa kuliko hayo yote. Tarehe 23 Desemba 1947, siku mbili kabla ya Krismasi, katika maabara za Bell kule New Jersey, Marekani, John Bardeen na Walter Brattain waliwaonyesha wakubwa wao wa kazi kifaa cha ajabu kwa sura. Kilikuwa na kipande cha madini ya jemaniamu. Juu yake palikandamizwa pembetatu ya plastiki iliyofungwa karatasi ya dhahabu pembeni, na ile dhahabu ilikatwa kwa wembe kwenye ncha ili pabaki mwanya mwembamba sana. Pembetatu hiyo ilishikiliwa na springi. Ukikitazama pichani utadhani ni kitu mtoto amekitengeneza kwa vifaa vya mezani kwa baba yake. Wakazungumza kwenye kipaza sauti, wakavaa vifaa vya masikioni, wakasikia sauti imekuzwa. Hiyo ndiyo transista ya kwanza, yaani kifaa kidogo cha kukuza umeme, au kuuwasha na kuuzima.

Hakukuwa na fataki. Kampuni ilikaa kimya kwa miezi kadhaa, na habari zilipotolewa mwaka 1948 hazikutikisa magazeti. Leo chipu moja ya simu, isiyozidi ukucha, ina transista zaidi ya bilioni 10. Redio, kompyuta, mashine za hospitali, mitambo ya ndege, vyote vinasimama juu ya mjukuu wa kile kipande. Sitaki kuulazimisha mfano, kwa sababu jemaniamu si Masiha. Ila watu wanaosherehekea kila mwaka mtoto aliyezaliwa mahali pa mifugo kwa sababu nyumba ya wageni ilijaa, hao ndio wangetakiwa kuwa wa mwisho kushangaa kwamba jambo kubwa liliingia duniani kwa mlango mdogo na wenye mji hawakugeuka kutazama.

Tukisome basi kile kisa tunachodhani tunakijua. Wa kwanza kupata habari ni wachungaji, nao walikuwa kazini, zamu ya usiku. Na kabla ya furaha waliingiwa na hofu, hofu kubwa, mpaka malaika akaanza kwa kuwatuliza. Hapo sisi huwa tunaparuka haraka. Mshangao wa kweli una hofu ndani yake. Unasimama mbele ya kitu kinachokuzidi, na magoti yanajua kabla ya kichwa.

Kisha wapo mamajusi wa Mathayo. Kwa lugha ya leo hao walikuwa wataalamu wa anga. Jiulizeni walijuaje kwamba kuna nyota ya kuifuata. Mimi nikitoka nje usiku wa leo na mbingu ikawa imeongezewa nyota moja, sitajua kamwe, kwa sababu zile za zamani sizijui kwa majina. Wale waliiona kwa kuwa walikuwa wamezihesabu nyingine usiku baada ya usiku. Maarifa yao hayakuwanyima ajabu. Ndiyo yaliyowapa nafasi ya kuiona.

Na mwisho Luka anaandika kwamba wote waliosikia habari za wachungaji walistaajabu. Wote. Wakastaajabu, nadhani, kama tunavyostaajabia video ya sekunde thelathini, halafu wakaendelea na shughuli zao, kwa maana hatusikii tena habari zao. Mstari unaofuata unamtaja Mariamu peke yake, kwamba aliyaweka mambo hayo moyoni akiyatafakari. Kwa hiyo hata pale Bethlehemu palikuwa na kushangaa kwa kupita na kushangaa kwa kukaa.

Kushangaa kwa kupita siku hizi ni biashara kubwa. Kila mwaka simu mpya, na kila simu mpya inaitwa muujiza, na ile ya mwaka jana ambayo nayo ilikuwa muujiza inatupwa kwenye droo. Sasa hivi mgeni wa siku ya kwanza ni akili mnemba, mitambo inayoandika na kuchora. Majirani wote wameitwa. Nami nimo, nashangaa kama wengine. Lakini naona jembe limeshaegemezwa mlangoni, na sijaona wengi wanaomuuliza ametoka wapi na amekula maandishi ya nani.

Niwape mfano wa kushangaa kwa kukaa. Mkesha wa Krismasi mwaka 1968, chombo cha Apollo 8 kilikuwa kinauzunguka Mwezi kikiwa na Wamarekani watatu, Frank Borman, Jim Lovell na William Anders, binadamu wa kwanza kufika huko. Walitumwa kuutazama Mwezi na kuupiga picha ili wenzao wajue pa kutua. Wakaupiga picha. Kreta juu ya kreta, kijivu juu ya kijivu. Walipokuwa kwenye mzunguko wa nne, chombo kilikuwa kimegeuzwa kidogo, na dirishani ikachomoza Dunia. Bluu na nyeupe, nusu yake gizani, ikipanda juu ya upeo ule mkavu. Hakuna aliyekuwa ameiweka picha hiyo kwenye ratiba. Unaweza kusikia kwenye rekodi wakihangaika: Anders anaomba haraka filamu ya rangi, na wenzake wanaitafuta. Akaipata, akapiga. Ni moja ya picha zilizotazamwa sana katika historia. Anders alizoea kusema kwamba walikwenda kuuchunguza Mwezi, na kitu muhimu walichokigundua ni Dunia.

Jioni ile, kwa saa za Marekani, wakarusha matangazo. Watu wanaokadiriwa kufika bilioni moja waliwasikia. Wangesema nini kutoka huko? Walisoma kwa zamu aya 10 za mwanzo za kitabu cha Mwanzo, wakawatakia heri ya Krismasi watu wote walio juu ya hii Dunia nzuri, wakafunga. Kilichowafikisha pale ni hesabu tupu: mafuta, pembe, sekunde. Na baada ya matangazo walirudia hesabu, kwa sababu saa chache baadaye, siku yenyewe ya Krismasi, injini ilitakiwa kuwaka upande wa nyuma wa Mwezi ambako redio haifiki. Isingewaka, wangebaki huko. Waliokuwa chini walisubiri kimya. Chombo kilipojitokeza, Lovell akawaarifu kwamba Baba Krismasi yupo kweli. Utani wa mtu ambaye ametoka kuogopa.

Miaka 53 baadaye, Krismasi tena. Tarehe 25 Desemba 2021, darubini ya James Webb ilirushwa kutoka Kourou, Guyana ya Kifaransa, kwa roketi ya Ariane 5. Tarehe haikuchaguliwa kwa ibada. Safari iliahirishwa mara kadhaa, na mara ya mwisho ni upepo wa juu ulioisukuma kutoka mkesha hadi siku yenyewe. Wahandisi waliokuwa wameifanyia kazi miaka zaidi ya 20 wakaiacha meza ya sikukuu na kwenda zamu.

Kile kioo cha darubini kina upana wa mita 6.5. Hakuna roketi iliyokuwa na kichwa cha kukitosha, kwa hiyo kiligawanywa vipande 18 vya pembe sita na kukunjwa. Kila kipande kimepakwa dhahabu nyembamba kiasi kwamba dhahabu yote ya kioo hicho haifiki gramu 50. Chini yake kuna mwavuli wa tabaka tano, kila tabaka jembamba kama unywele, mkubwa kama uwanja wa tenisi, nao ulikunjwa. Upande wa mwavuli unaolielekea Jua una joto la kuweza kukuunguza. Upande wa pili ni baridi ya zaidi ya nyuzi 200 chini ya sifuri. Na haya yote yalitakiwa kujikunjua yenyewe angani, njiani kuelekea mahali palipo kilomita milioni 1.5 kutoka hapa, ambako fundi hawezi kutumwa na spana. Wahandisi walihesabu sehemu 344 ambazo, yoyote moja ingegoma, kazi yote ingeweza kuharibika.

Picha ninayoipenda si ile ya nyota. Ni ile ya mwisho ya darubini yenyewe, iliyopigwa na kamera ya roketi baada ya kuachana nayo. Inaelea, imekunjwa bado, halafu ubavuni linafunguka bawa la kupokea mwanga wa Jua na kung'aa ghafla. Baada ya hapo hakuna jicho lililoiona kwa karibu tena. Kwa wiki kadhaa wale watu walikaa wakisubiri namba zirudi ziwaambie kwamba pini imechomoka, kamba imevutika, tabaka limekaza. Zote 344 zilitii. Leo inapokea nuru iliyoanza safari zaidi ya miaka bilioni 13 iliyopita, kabla Dunia haijakuwepo. Si picha za mambo ya kale. Ni nuru yenyewe ile, imefika.

Sasa nitoke kwenye kusifu, maana nimeona mzee mmoja ameanza kukohoa.

Kwenye kisa cha Krismasi yupo mtu mwingine aliyeipenda ile nyota. Herode. Mathayo anasema aliwaita mamajusi kwa siri, akawauliza kwa makini ilionekana lini, akawatuma wamtafutie mtoto yuko wapi, wamletee habari. Tazameni vizuri: alitaka taarifa zile zile walizokuwa nazo wenye hekima. Nyota moja, hesabu moja, mahali pamoja. Wengine walikwenda na zawadi, yeye aliandaa panga. Teknolojia ya kujua mtu yuko wapi tunayo leo mifukoni. Setilaiti zake zinazunguka kilomita 20,200 juu yetu, na saa zilizomo ndani yake hukimbia mbele ya zetu kwa maikrosekunde 38 kila siku, kama Einstein alivyotufundisha kutarajia. Bila kulisahihisha hilo, ndani ya siku moja ramani ya simu ingekosea kwa zaidi ya kilomita 10. Ni kazi ya kupendeza kabisa. Inampeleka mgonjwa hospitali, na inampeleka muuaji mlangoni. Herode hakukosa akili wala vifaa. Alikosa kitu kimoja: hakuna pahali alipopigwa na butwaa. Alipoisikia ile habari aliwaza kiti chake tu.

Na zile betri zetu. Zaidi ya nusu ya kobalti ya dunia huchimbwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, na sehemu yake huchimbwa kwa mikono, kwenye mashimo, na wamo watoto. Tukisema tunamuuliza mgeni habari za safari yake, basi tuzisikilize zote, na hizi nazo zimo. Mshangao unaoishia kwenye kioo kinachong'aa ni wa kitoto, na nawaomba radhi watoto, kwa sababu nyinyi kwa kweli huwa mnauliza zaidi ya sisi.

Niongeze kisa kimoja tu, cha Desemba vilevile. Tarehe 23 Desemba 1954, mjini Boston, daktari Joseph Murray na wenzake walitoa figo moja ya Ronald Herrick, kijana mzima asiye na ugonjwa wowote, wakampandikizia pacha wake Richard aliyekuwa anakufa. Walikuwa mapacha wa kufanana kabisa, ndiyo maana mwili haukuikataa ile figo. Ilikuwa mara ya kwanza upandikizaji wa namna hiyo kufaulu. Richard aliishi miaka mingine minane, akamuoa muuguzi aliyemhudumia. Lakini kinachonivuta ni kilichotangulia. Wale madaktari walijua kwamba hawajawahi kumpasua mtu mwenye afya kwa faida ya mwingine, wakaliogopa jambo hilo, wakaenda kuuliza viongozi wa dini mbalimbali kama ni halali. Walikuwa na kisu, walikuwa na ujuzi, na bado wakasimama kwanza. Hiyo ndiyo hofu ya wachungaji, imevaa koti jeupe.

Nikisikia leo kwamba kifaa fulani kimetolewa haraka kabla mshindani hajatoa chake, huwa nawakumbuka wale madaktari.

Siku ya Krismasi mtakapokuwa mnakula, kuna watu watakuwa zamu. Kwenye vyumba vya kuongozea umeme, kwenye minara, kwenye wodi, kwenye meli zinazosubiri mkongo ukatike zikaunganishe. Na juu yetu pia: tangu Novemba 2000 hakujapita Krismasi ambayo kituo cha anga cha kimataifa hakikuwa na watu. Wanaizunguka Dunia mara moja kwa kila dakika 90, kwa hiyo siku hiyo Jua litawachomozea kama mara 16. Sisi moja linatutosha, na wengi wetu tutakuwa tumelala.

Ninalo ombi moja la nyumbani. Siku hiyo chagueni kitu kimoja mnachokitumia kila siku, taa, simu, dawa, chochote, mkiulizie mpaka mfike kwa mtu. Msiishie kwenye jina la kampuni, endeleeni mpaka mkutane na mikono. Taa zile ndogo za LED za kwenye mti, ambazo mwanga wake hutoka kwenye kipande kidogo cha fuwele, zinafaa kuanzia. Ya rangi nyekundu ilipatikana mwaka 1962. Ya bluu yenye mwanga mkali iliwasumbua wataalamu miaka 30 mingine, na bila ya bluu hamna nyeupe. Wajapani watatu, Isamu Akasaki, Hiroshi Amano na Shuji Nakamura, waliendelea nayo wakati wengi walikuwa wamekata tamaa, wakaja kupewa Tuzo ya Nobel mwaka 2014. Mtoto akiuliza kwa nini bluu ilikuwa ngumu, mzazi usiseme "ndivyo ilivyo, kula." Kama hujui, tafuteni pamoja. Jibu lake ni refu na linahusu namna ya kukuza fuwele safi, na jioni ya sikukuu ina muda wa kutosha.

Nimeambiwa tuna dakika ishirini za maswali. Kipaza sauti kianzie mbele kwa watoto, watu wazima wasubiri.